Simba wa Sahani ya Kuku

Fomu ya pasipoti ya binti yetu ilikaa juu ya friji wiki tatu, mahali pa jina la ukoo pakiwa wazi, kwa sababu baba yake alikuwa anatafuta asili yake Uingereza. Mume wangu, mtu wa bara, mweusi kunishinda, ana jina la ukoo la Kizungu, na kwenye simu alipata watu wanaouza historia za majina. Wakamtumia cheti: kijiji fulani huko, shujaa juu ya farasi, na ngao yenye simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayetamani majani ya juu.

"Mtoto wetu ana damu ya mashujaa," akaniambia, mimi nafuta matapishi ya maziwa begani.

"Hao mashujaa wanafua nepi?"

Hakucheka. Alinikokota hadi soko la vitambaa la Zhongda, huku Uchina tunakoishi, mtoto mgongoni, tukachapishe majora manne yenye ngao hiyo, iwe sare ya ukoo kwenye harusi ya dada yake. Laoban, ndivyo Wachina wanavyomwita bosi, mama tunayenunua kwake vitenge, aliitazama ile picha.

"Kampuni gani?"

"Ni familia yangu," mume wangu akajibu, kifua mbele.

Yule mama akamwangalia, akaiangalia picha tena. "Familia yenu inauza bia?"

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Tukaondoka na kipande cha sampuli tu.

Nyumbani akampigia mama yake simu ya video, apate wa kumtetea. Akaitandaza sampuli mbele ya kamera. Mama mkwe akasogea mpaka tukaona paji la uso tu.

"Huyu mnyama namjua. Alikuwa kwenye sahani ya kuku."

"Kuku gani, mama?"

"Wa nyanya yako. Nilipoolewa niliikuta uani, kuku wananywea maji. Babu yako alikuwa mpishi wa mzungu. Sahani ikamponyoka, ikapata ufa. Akazabwa kofi mbele ya wageni, akaambiwa achukue takataka yake. Akaichukua."

"Na jina?"

"Karani wa vipande, vile vitambulisho vya wakoloni, alimuuliza yeye ni mtu wa nani. Akamtaja tajiri wake, yule mzungu. Likaandikwa hilo. Kwani hukujua?"

Hakujua. Kofi la mzee wa watu, yeye alitaka kulichapisha majora manne, watu walichezee harusini!

"Haya, babu yako mwenyewe aliitwa nani?" nikamuuliza.

Akageukia kile cheti. Rangi ya farasi wa yule shujaa anaijua, jina la aliyemzaa baba yake hana. Nilimdharau siku hiyo kama sijawahi, na sijutii.

Nikaishusha fomu. "Mama, tutajie wewe."

"Mwanangu, huyo ni baba mkwe wangu. Kwetu mkamwana hamtaji mkwe. Miaka yote hii sijalitia mdomoni."

Baba yake mume wangu alikufa mapema, naye mama akatii mila. Jina likakosa wa kulibeba. Nikamnyanyua mtoto mbele ya simu.

"Hata kwa huyu?"

Alimtazama sana. Akashika upindo wa leso, akafunika mdomo, akalitamka mara moja, chini kwa chini, kisha akaomba radhi kwa marehemu.

Nikaliandika kwa herufi kubwa mahali pa jina la ukoo. Nikamsukumia mume wangu kalamu.

"Weka sahihi."

Akaweka.