Bakuli la Mzee Trokonda

Menahemu mshona mahema hakujua kukaa. Hata katika karakana aliyoachiwa na marehemu baba yake, pale Tarso kando ya mto, angeshona mshono nusu, ainuke, achungulie barabarani, arudi, kisha aufumue mshono wote kwa kuwa ameupinda. Sokoni aliitwa Menandro, maana wanunuzi wa Kiyunani walikuwa wakilitafuna vibaya jina lake la nyumbani. Akiingia sinagogi, akawa Menahemu tena. Kutwa alibadili jina na lugha, na jioni hakujua ni yupi kati ya wale wawili aliyechoka.

Baba yake alikuwa amempa ufundi wa mikono, kama ilivyompasa kila baba wa Kiyahudi, na juu yake akamsomesha Torati Yerusalemu. Mama yake, Shelomithi, alitarajia mambo hayo yamzalie mke mwema na kiti cha mbele katika sinagogi. Badala yake yalimzalia kiherehere cha kufuatana na kundi la watu waliomwamini Yesu, Wayahudi kwa watu wa mataifa, waliokuwa wakila pamoja nyumbani kwa muuza ngozi mmoja, Stakisi. Menahemu alikwenda kwenye milo hiyo na mkate wake mfukoni.

Ikafika siku kundi likatafuta mtu wa kupeleka habari za Yesu milimani, kwa wafugaji wa mbuzi.

"Saulo angetufaa," Stakisi alisema. "Mtoto wa hapa hapa Tarso. Kiyunani mdomoni, Torati kichwani, sindano mkononi. Akitupwa popote, ana kazi na ana la kusema."

"Saulo yuko mbali," Menahemu akamkumbusha.

"Basi wewe umepungukiwa nini? Labda matako ya kukalia."

Watu wakacheka. Menahemu hakucheka, na tangu siku hiyo usingizi ukampaa.

Alipomwambia mama yake, alimkuta anakanda unga. Shelomithi hakuinua uso.

"Nenda," alisema. "Wale nawajua. Wanampika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, halafu wanakuita mgeni wa heshima. Torati imekataza, na wewe umeisoma kuliko mimi. Ukikila chakula kile, mwanangu, usirudi mezani kwangu. Sitakulaani. Nitakula peke yangu tu."

"Mama, nitachukua mkate wangu."

"Chukua mingi basi."

Akachukua mingi. Safari nzima ya kupanda, alikuwa akiushika ule mfuko kila baada ya hatua chache, mpaka Stakisi, aliyefuatana naye, akamwuliza kama amebeba yai.

Kule juu walimtafuta Mzee Trokonda. Huyu alikuwa akishuka Tarso kila baada ya msimu wa kunyoa kuuza singa za mbuzi, na Menahemu ndiye aliyekuwa akizinunua. Kila mara mzee alimkaribisha chakula, na kila mara Menahemu alisogea kando na mkate wake. Mzee akazoea. Akawa anamtania tu kwamba Myahudi wake anaogopa vyungu.

Mambo yalianza vizuri kupita kiasi. Upepo ulikuwa umelichana hema la Trokonda, na Menahemu akalishona kabla hata ya kunywa maji. Aliongea nao kwa lugha yao, aliyoiokota sokoni katika kubishana, na wanawake walifurahi kusikia mtu wa mjini anatukana mbuzi inavyotakiwa. Hakuna mgeni aliyepokewa vile.

Lakini alipofungua kinywa kueleza habari alizokuja nazo, zilimtoka ovyo. Alianza na Ibrahimu, wakamwuliza ni wa ukoo gani wa pale mlimani. Akajaribu hekima za Kiyunani, mfugaji mmoja akapiga miayo. Alisimama, akaketi, akazunguka hema. Alijiona mpumbavu, na aibu ikamwaka masikioni.

"Tulia, ndugu yangu," Stakisi alimnong'oneza. "Unawatia mbuzi wasiwasi."

Jua lilipokuwa la utosi, Nanisi, mke wa mzee, akaleta mabakuli ya mwanambuzi aliyepikwa katika maziwa. Stakisi, ambaye hakuwahi kukatazwa chakula na mtu, akala mpaka akafuta bakuli lake kwa kidole. Wakampenda kwa ulafi wake. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Trokonda alimwonyesha Menahemu ukingo wa mkeka. Pale palikuwa pamefagiwa na kuwekwa kikombe cha maji, peke yake.

"Kaa hapo, Menandro, utoe mkate wako. Nimewaambia wasikurushie mchuzi."

Aliyasema bila kinyongo, kama mtu anayemtengea mgonjwa chakula chake. Jambo hilo lilimuuma Menahemu kuliko matusi. Miaka yote alidhani ndiye anayejitenga. Kumbe na mzee huyu alikuwa akikaribisha, anakataliwa, na bado anafagia.

Mkono wake ulikuwa tayari mfukoni, umeugusa mkate. Akautoa mtupu.

"Mzee, nipe hilo bakuli lako."

Nyama ilikuwa laini. Alitafuna, akalazimisha, akameza. Machozi yakamtoka mbele za watu naye hakuyafuta.

Trokonda akaacha kutafuna. "We Menandro. Nimekubembeleza mpaka mvi zimeniota, hujagusa chungu changu. Leo kumetokea nini?"

"Na mbona analia?" Nanisi aliuliza. "Kwani kimechacha?"

"Hakijachacha, mama. Kitamu." Na utamu huo ndio uliomwumiza. "Mama yangu alinikanya. Nimekula, basi siketi naye mezani tena."

"Utamficha," mzee alisema.

"Sitamficha. Sijawahi kumdanganya."

Watu wakasogea karibu. Hata yule wa miayo alikuwa amesogea. Trokonda aliutazama uso wa Menahemu, akalitazama bakuli.

"Stakisi wako kala bakuli zima, sikushangaa, yule angekula na kamba za hema. Lakini wewe nakujua. Nani huyo aliyekutuma, mpaka ukamkosea mama yako ili ule na mimi? Hebu tuambie habari zake."

Menahemu alikuwa ameketi. Miguu yake ilitulia juu ya mkeka, na hakuwaza kusimama. Safari hii hakuanza na Ibrahimu. Alianza na Shelomithi na unga mikononi mwake, na alipokuwa akieleza, akatoa mkate wa mama yake, wa mwisho uliobaki mfukoni, akauweka katikati ya mkeka, karibu na bakuli.

"Na huu tuule wote," alisema.

Trokonda akaumega, akampa Nanisi, akampa yule wa miayo, ukapita mkono kwa mkono mpaka ukamrudia mwenye mkate. Kilibaki kipande kidogo. Menahemu alikila polepole, kwa kuwa alijua hatakula tena mkate uliokandwa na mama yake.