Moto wa Asnath Nyuma ya Ghala

Wifi yangu Asnath alikuwa mtu wa kuogopa moto. Alitokea Mamba, milimani kwenye baridi, akateremka kwetu Kisiwani mwaka ule tulipopangwa kijiji cha ujamaa, nyumba za nyasi zimebanana. Jiko alilizima kwa maji, kisha akarudi kulimwagia tena. Tukamtania kwamba hata kiberiti anakiamkia shikamoo.

Siku moja binti yake Rogathe alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya. Padre akaita ndege ya daktari kwa redio ya misheni. Agizo likaja: washeni moto wa majani mabichi mahali peupe kwenye uwanja itakapotua, rubani aone upepo unakoelekea. Nani wa kuuwasha kama si mama mtu?

Upepo wa milimani ulikuja kwa vishindo, unaukata uwanja kwa ubavu. Asnath akatazama cheche, akatazama mapaa yetu, akauhamishia moto nyuma ya ukuta wa ghala la kijiji, palipotulia. Moshi ukapanda wima. Hakuna aliyemkataza, sote tulimwona mwanamke mwenye akili.

Rubani akauona moshi umesimama, akaileta ndege kama siku shwari. Ilipolipita ghala, inakaribia kugusa ardhi, upepo ukaipiga ubavuni. Bawa moja likainuka, la pili likachimba ardhi, ikapinduka mpaka kwenye miiba. Jamani! Tulisimama midomo wazi, machela ya Rogathe mikononi mwetu.

Rubani na daktari walitoka hai, damu usoni. Rubani akauliza, tena kwa upole, nani aliwasha moto ule.

"Mimi," Asnath akasema.

Yule mtu akakaa chini.

Rogathe tukampakia kwenye tela la trekta kwenda hospitali Same, daktari kando yake na mkono wake uliovunjika. Rogathe alipona. Mtoto hakupona.

Watu wakaanza maneno, eti kuna mkono wa mtu. Mkono gani, nyie! Kila aliyetamka uchawi mbele yangu nilimpasha.

Aliporudi, Rogathe alikaa uani kutwa nzima. Jioni akamgeukia mama yake.

"Mama, uliogopa nyumba za nani zisiungue?"

Asnath akainama kulimwagia jiko maji. Nami nilikuwa papo hapo na bakuli la uji, nimekosa pa kuyaweka macho. Nyumba ya kwanza ambayo cheche zile zingeifikia ilikuwa yangu.