Upande Uliobaki Mweupe

Mama mdogo alichora ramani za wilaya yao maisha yake yote ya kazi, na mpaka leo nikiona wembe mpya namkumbuka. Enzi zile walichora kwa wino, na ukikosea hufuti: unakwangua kwa wembe taratibu hadi mstari upotee bila karatasi kutoboka. Nikienda kwake ofisini wakati wa likizo alinikalisha kwenye stuli ndefu na kunionya, "Hakuna kuegemea meza, mwanangu. Ukiitikisa tu, barabara inaingia mtoni."

Dada yake, yaani mama yangu, aliolewa wilaya ya pili, ng'ambo ya kijito tu. Kwenye ramani ya mama mdogo hatukuwepo. Utaratibu wa ofisi ulikuwa huu: ukifika mpakani, inua kalamu. Kwa jirani paliachwa peupe pe. Nyumba yetu, kisima chetu, mpera wetu, vyote havikuwa kitu, na nilipogundua hilo nilinuna siku nzima.

Miji ikazidi kukua, na maji yakabaki yale yale, basi wakubwa wa wilaya zote mbili wakakubaliana kupanga pamoja. Mama mdogo na mchoraji wa wilaya yetu, mcheshi mmoja waliyemwita Bwana Rula, wakaziweka ramani zao mezani, bega kwa bega. Nilikuwepo. Utani wao ulikatika ghafla.

Kila wilaya ilikuwa imepanga jalala jipya pembeni kabisa, mbali na watu wake. Sasa majalala mawili yalitazamana, na katikati yake kijito na kisima chetu.

"Jirani," Bwana Rula akasema, "kumbe tulikuwa tunatupiana."

Jalala la wilaya yake mama mdogo alikuwa amelichora mwenyewe, kwa mkono wake ule mzuri.

Mama alipopata habari aliwaka. "Mkuki kwa nguruwe, eti! Na kama kisima kingekuwa cha mtu baki, ungejali?"

"Dada, nisamehe."

"Nenda kafute kwanza."

Kufuta hakukuwa rahisi. Kila upande ulingoja mwenzake aanze. Mwishowe wataalamu wakapata mahali pamoja panapowafaa wote, mbali na maji: machimbo ya zamani ya kokoto, kwenye wilaya ya mama mdogo. Wenye viwanja jirani na machimbo walitakiwa kuridhia, na mmoja wao alikuwa mama mdogo mwenyewe. Pale ndipo alipotaka kujenga nyumba ya kustaafia. Uzio alishaupanda, na kila nilipomtembelea alinionyesha mlango utakapokuwa.

Aliridhia. Kisha akachukua wembe, akakwangua jalala lake, akampa Bwana Rula wembe naye akwangue la kwake. Jalala la pamoja alilichora yeye, karibu kabisa na uzio wake.

Nyumba ile hakuijenga. Alipostaafu alikuja kuishi kwetu. Nilizoea kumtania, "Mama mdogo, unaishi kwenye karatasi tupu," naye alicheka hadi akashika mbavu. Nakitamani kicheko kile.

Mama hakuwahi kumwambia asante. Alimpa chumba chenye dirisha linalotazama kisima, na kila asubuhi aliteka ndoo mbili kwa mkono wake, moja yake na moja ya mdogo wake ya kunawa, akakataa kusaidiwa. Siku hizi hakuna anayelala mle. Mama bado huteka ndoo mbili.