Jeneza Halikati Kona

Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, mjini Babati, na watu bado wanaiita nyumba ya Mhindi, ingawa Mhindi mwenyewe aliondoka kabla sijazaliwa na baba yangu akaikalia mpaka alipofariki. Ni ya mawe, na kuta zake ni nene kiasi kwamba simu haishiki mtandao ukiwa katikati. Mbele palikuwa na duka lenye milango mipana ya mbao inayokunjwa. Nyuma ya duka sebule, nyuma ya sebule ghala, kisha vyumba viwili vilivyoshikana, milango yote ikitazamana. Mtu wa chumba cha mwisho akitaka kutoka mbele, ilimbidi awapitie wote. Tumekulia hivyo, na hakuna mtu katika familia yetu aliyewahi kuwa na siri.

Mara kwa mara hutokea mtu wa kusema nyumba ya kihistoria isiguswe. Wanaosema hivyo hawajawahi kuoga pale. Bafu liko nje na choo kiko nje, ng'ambo ya ua, na Mama anakaribia miaka themanini, goti moja limegoma kabisa. Masika moja aliteleza akienda chooni, akakaa kwenye tope mpaka jirani aliposikia anaita. Nilipopata habari nikaamua kuta za ndani zivunjwe na vyumba vipangwe upya.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nafanya kazi Dodoma, na nina ugonjwa wa kuwapangia watu maisha. Ramani niliichora mwenyewe kwenye simu. Duka na sebule nikaviunganisha viwe chumba kimoja kikubwa cha wageni. Ile milango ya mbao nikaifuta, nikaweka mlango mmoja wa alumini. Ikafuata korido, ikapinda kupisha jiko, na mwisho kabisa, upande wa ua, chumba cha Mama chenye choo na bafu lake, vigae visivyoteleza na vyuma vya kushikilia ukutani. Nilikipenda chumba kile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Niliwahurumia wazee wote wa Babati ambao hawakunizaa.

Mama hatazami ramani kwenye simu, anasema zinamtia kizunguzungu. Basi fundi, mwanamume mpole wa Bonga, akaichora kwa chokaa uani, ukubwa uleule wa nyumba. Mama akashika fimbo yake akaanza kutembea ndani ya mistari, akisimama kila penye mlango kama anayesubiri kukaribishwa. Alifika chumbani kwake, akatazama alikotoka, akatazama ile kona.

"Na jeneza langu litapita wapi?" akauliza.

Hapa nieleze kidogo. Kwetu marehemu hatolewi mochwari akapelekwa kaburini moja kwa moja. Analetwa nyumbani kwake kwanza. Baba aliingizwa kwa milango ya duka, akapita sebuleni na ghalani, mpaka kando ya kitanda chake, akapumzishwa pale kidogo kabla ya ibada, kisha akarudishwa kwa njia ileile. Alikwenda na kurudi bila kugusa ukuta. Mimi nilikuwa nimepima kochi, friji na kabati la vyombo. Marehemu sikumpima.

"Mama, mambo gani hayo? Wewe bado upo."

"Ndiyo maana nauliza sasa."

Nikamgeukia fundi anitetee. Akakuna kichwa. "Dada, Bibi ana hoja. Kuna nyumba mpya Nangara, nzuri kweli, walimtoa mzee dirishani. Watu wakasahau hata alikuwa mtu wa namna gani, wakawa wanaongelea dirisha tu."

Nikasema tupime, tumalize ubishi. Tukachukua benchi refu ambalo Mama huliweka kwa ajili ya wanajumuiya wanapokuja kusali. Fundi na mimi tukashika mbele, vibarua wake wawili nyuma. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki kusimamia mazishi yake.

"Polepole," akasema. "Mnanitikisa."

Tukapunguza mwendo. Kwenye kona tukakwama. Tukajaribu kulaza benchi ubavu, Mama akakataa, akasema hawezi kuingizwa kwake kiubavubavu. Tukajaribu kuliinua upande wa mbele, akauliza damu yote ikishuka miguuni itakuwaje. Kibarua mmoja akarudi nyuma hatua mbili na fundi akamwambia amevunja ukuta wa jiko. Nilicheka mpaka nikaachia benchi. Mungu anisamehe.

Nikasema basi, tupanue korido. Fundi akajibu kwamba korido ikipanuka, bafu la Mama linakufa. Hapo kicheko kikaniisha. Kule kuteleza kwake kulikuwa hakutoki kichwani mwangu, na mwenyewe ninayemhangaikia ananisumbua kwa safari ambayo hata hajaianza. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo mtoto hamtolei mzazi.

Hakukasirika. Alinyoosha fimbo kuelekea mbele ya nyumba. "Nipe duka."

"Mbele kuna kelele, Mama. Bajaji, malori, vumbi. Huku nyuma nimekutafutia utulivu."

"Utulivu nitaukuta Mutuka," akasema. Baba amezikwa Mutuka, shambani. "Umeniweka huku na kuku. Mtu akija kunisalimia atakaa kwenye makochi yako, ataambiwa Mama amelala, atakunywa chai, ataondoka."

Niliumia. Kisha nikaona aibu, kwa sababu maneno yale, Mama amelala, nilikuwa nimeshajisikia moyoni nikiyasema.

Tukafuta chokaa tukaanza upya. Duka ni chumba chake sasa. Pale palipokuwa na rafu pamejengwa choo na bafu, milango ya mbao imebaki, na wageni wanaingilia ubavuni, moja kwa moja sebuleni. Asubuhi anaifungua milango yote na kukaa kitandani akipokea shikamoo za barabara nzima. Kuna wanaodhani duka limerudi, wanaulizia sukari. Anawaelekeza kwa jirani, halafu anawauliza wao ni wa nani na mama yao hajambo.

Chumba cha nyuma nilikijenga hivyohivyo, na vigae vyake, humo nalala mimi nikija. Jumamosi moja nilifika kutoka Dodoma asubuhi nimechoka, nikasalimia, nikajilaza. Jumuiya ilikuwa inasali kwetu siku hiyo. Walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka, na mimi sikusikia chochote. Nilipotoka nilikuta sufuria zimeshaoshwa na benchi limerudishwa ukutani.

"Mbona hamkuniita kula?" nikamwuliza Mama.

Alishtuka kidogo. "Nilisahau kama upo," akasema, na hakuwa anatania.