Mnaoulizia ushauri wa kwenda Zanzibar: mimi nilipewa wote, tukakwama kwenye kikombe cha kahawa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Juzi kuna kijana kafungua uzi humu anauliza, mtu anayekwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza ajiandae vipi. Akajibiwa boti, hoteli, mafuta ya jua. Majibu mazuri tu. Lakini hakuna hata mmoja aliyemgusia habari ya kuingia nyumbani kwa watu, na hilo limenikera hadi nimeamua kuandika.

Haya yalinikuta mwenyewe miaka ya sabini. Atakayeona ni chai, aipite, nyuzi humu ni nyingi.

Na tafadhali msianze kubishana kama Zanzibar ni nchi au si nchi. Siku zile ukitokea bara ulidaiwa hati ya kusafiria pale bandarini. Mengine malizieni wenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nyakitonto, Kasulu. Kwetu hasa ni Kibondo, ila kazi ilinipeleka Kasulu. Pale mjini kulikuwa na nesi mmoja, Mwanakheri, mtoto wa Unguja aliyesomea bara akapangiwa kwetu. Kwa miaka ile, mtu wa pwani akipangiwa Kigoma alikuwa analia. Huyu hakulia. Alizoea mvua, akazoea mihogo, Kiha akakiokota wodini kwa akina mama wazazi mpaka akawa anatania nacho.

Tukapendana. Sina maneno mengi hapo.

Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo dini haikuwa ishu. Ishu ilikuwa neno Kigoma. Kwao Unguja walishaambiwa kwamba watu wa Kigoma wanaroga hata kwa kukuangalia. Cha kuchekesha, na sisi kwetu tulisimuliwa hayohayo kuhusu watu wa visiwani. Kila mtu anamwogopa mwenzake na hakuna aliyewahi kuonana na mwenzake.

Sasa Mwanakheri akaenda likizo kwao, na kule baba yake, Mzee Haji, alikuwa na mpango wa kumwoza kwa mtoto wa ami yake. Kabla ya kuondoka Mwanakheri alinikalisha chini akanipa somo. Mje kabla likizo haijaisha, mkichelewa mimi si wenu tena.

Ushauri wenyewe ulikuwa mzuri, na vijana mnaweza kuuchukua hata leo. Vaa kanzu au suruali ndefu, usitembee kifua wazi. Piga hodi, kisha simama pembeni ya mlango, usichungulie ndani. Viatu vinabaki nje. Mkono wa kulia kwa kila kitu. Nyanya za kupikia wao wanaita tungule. Maji ya kunywa beba ya kwako kwenye boti, maana sisi wa Ziwa Tanganyika tumezoea maji yoyote makubwa yananyweka, na ya kule ni chumvi tupu.

Halafu akanipa sheria mbili za posa. Ya kwanza, anayeposa hafungui mdomo, wanaongea wazee. Ya pili, binti haonekani kabisa, anakaa ndani mpaka wageni waondoke.

Nikaziweka kichwani zote. Nikaenda Kibondo kumchukua baba.

Wakuu, mimi ni mtu wa haraka. Hadi leo nikibandika maji jikoni nasimama nayo mpaka yachemke. Mungu akanipa baba ambaye hajui haraka ni mnyama gani.

Baba yangu, Mzee Bukuru, alikuwa mrina asali. Wakati ule walishahamishiwa kwenye kijiji kipya, mizinga yake ikabaki kule porini walikotoka. Namwambia, baba, asali tutanunua sokoni Kasulu, twende. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Nipeleke kwa bakwe bangu asali nisiyoijua imetoka wapi? Wewe mwalimu una akili kweli?"

Akaenda porini. Mimi nikabaki nazunguka nyumba. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kuangalia njia. Mama akaniambia nitachimba handaki. Aliporudi na kibuyu chake alichokiziba kwa nta, nilikuwa nimeshakonda.

Kutoka Kibondo kwenda Kasulu tulidandia lori la mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni tope jekundu, tukakwama. Watu wanasukuma, mimi nasukuma kama lori ni la kwangu, baba yuko kando ya barabara anasalimiana. Na mnajua salamu ya Kiha. Mwakeye, makofi taratibu, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za yule aliyekuwa anaumwa. Na kila anayepita anastahili ya kwake. Lori likatoka kwenye tope, dereva anapiga honi, baba bado yupo kwenye habari za ng'ombe wa mtu ambaye hata hamfahamu.

Kasulu tukalala, Kigoma tukapanda treni, na treni ile ilikuwa inasimama hata kwa mbuzi. Niseme ukweli, safari nzima nilikuwa namwona Mwanakheri anapakwa hina ya mtu mwingine. Chakula hakipiti. Baba anakula na kulala vizuri kabisa, kibuyu kipo mapajani.

Anyway, tukafika Unguja. Likizo ilikuwa bado haijaisha. Nikamshukuru Mungu, nikadhani kazi imekwisha.

Tulipokewa vizuri sana, hilo lazima niseme. Hodi tukapiga, viatu tukavua, baba amevaa kanzu ya kuazima imempwaya. Mzee Haji na ndugu zake wamekaa upande mmoja, sisi upande mwingine, shangazi mmoja wa makamo yuko karibu na pazia la mlango wa ndani. Ikaletwa kahawa kwenye vikombe vidogo, na halua.

Wenyeji wakamwekea baba kikombe mbele yake. "Karibu, karibu kahawa."

Baba akaitikia kwa adabu zote. Hakugusa.

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Uha, anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Iwe pombe ya ndizi, iwe uji, iwe maji. Maana yake, kama kuna sumu basi tufe wote. Asipoonja, wewe huli wala hunywi, na hakuna anayekulaumu. Mimi nimekua nalo jambo hili mpaka halikunijia kichwani kwamba kuna Waislamu wenzetu, Watanzania wenzetu, ambao hawalijui.

Kwa hiyo baba anasubiri mwenyeji aonje. Mwenyeji anasubiri mgeni anywe.

Kahawa inapoa. Mzee Haji akauliza kwa upole, "Bwana, kahawa yangu ina nini?" Baba akajibu, "Haina neno, nangoja." Anangoja nini, hakusema, kwa sababu kwake yeye hilo si jambo la kumwambia mtu mzima.

Na mimi nimekatazwa kufungua mdomo! Nilikuwa nimekaa juu ya moto, wakuu. Vidole vya miguu vinacheza vyenyewe. Nikikohoa, baba hanitazami. Nikisema neno, nimeharibu posa. Nisiposema, posa inaharibika mbele yangu.

Baba naye akaona watu wamenuna, akaamua kuwatuliza kwa zawadi. Akabandua nta, akaingiza kidole kwenye kibuyu, akalamba asali mbele yao, akatikisa kichwa kuonyesha ni salama, halafu akamsogezea Mzee Haji kwa mikono miwili. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya mwisho.

"Astaghafirullah! Kakitia kidole!" Shangazi huyo. Akavuta mtandio puani. "Si niliwaambia watu wa Kigoma? Anatufanyia mambo yake mchana kweupe!"

Mzee Haji hakukipokea kibuyu. Mikono ya baba ikabaki hewani na asali yake ya porini. Niliona uso wa baba ukibadilika, na nikaumia kuliko nilivyoumia kwa ajili yangu. Ndugu mmoja akaanza kuvuta maneno ya kuagana, kwamba wageni wametoka mbali, wakapumzike, jibu litakuja. Kila mtu anajua jibu la namna hiyo.

Pazia likafunguka. Mwanakheri akatoka.

Shangazi akamshika nguo, akajinasua. Binti anayeposwa, mbele ya wageni, mbele ya ami zake. Akapiga magoti pale kwa baba, akachukua kile kikombe cha kahawa iliyopoa, akanywa funda moja, akameza wote tukimwona. Kisha akampa kwa mikono miwili, kwa Kiha.

"Data, akira."

Baba, pokea. Baba akapokea akanywa yote, mpaka machicha. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta.

Mwanakheri akarudi ndani bila kututazama.

Mzee Haji alikaa muda anaangalia lile pazia. Hatimaye akavuta kibuyu, akachovya kidole chake kwenye asali, akalamba.

"Huyu keshatoka," akasema. "Mnanitaka nijibu nini tena?"

Ndoa ilifungwa. Lakini mjue, shangazi yule hakumsemesha mke wangu mpaka alipokufa, na mke wangu alimlilia.

Funzo langu ni hili. Ushauri wa safari siku zote ni wa upande mmoja, mgeni afanye hivi, asifanye vile. Na wewe unayekwenda una mambo yako uliyozaliwa nayo ambayo huyaoni. Waambie wenyeji mapema, kabla hamjakaa. Ukinyamaza watayatafsiri wao, na watu wakitafsiri wenyewe huanzia kwenye ubaya.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, tukiwa tumerudi Kasulu, nilimuuliza mke wangu kwa nini kwenye somo lake lote hakunitajia hilo la kuonja. Alikuwa anachuja uji. Akaonja, akanipa kikombe.

"Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu hatuonji."

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu mnafanya jambo gani ambalo ugenini lilitaka kuwatia aibu? Na Wazanzibari mliomo humu, karibuni mnijibu, ila kwa upole, mimi ni mkwe.