Nishani za Askari Wawili wa Jina Moja

Mama alifariki kipindi cha kupalilia pamba. Matanga yalipoisha nilirudi kazini Isaka, kwenye bandari kavu, nikakaa kwenye kiti changu na kuendelea pale nilipoachia. Kazi yangu ni kupokea nyaraka za mizigo inayoshushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye malori yanayokwenda Rwanda na Kongo. Nalinganisha namba za makontena, nagonga mhuri, namwita dereva anayefuata. Wenzangu walinipa pole, nikawashukuru. Sikulia. Wengine walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema ni imani. Ukiniuliza jioni nilikula nini mchana, sikumbuki.

Kila Jumapili nilitoka Nyahanga, Kahama, ninakoishi, nikaenda Samuye kumwona baba. Nilifagia, nikafua, nikampikia. Hatukuongea sana. Baba ni mtu wa ng'ombe na majaruba ya mpunga, na mguu wake wa kushoto una chuma tangu vita vya Kagera. Chuma chenyewe ni kipande kidogo ambacho madaktari wa jeshi waliamua kukiacha humo humo. Tukiwa wadogo alituruhusu tukiguse kwa kidole juu ya ngozi. Mengine kuhusu vita hakutusimulia.

Jumapili moja, nikiwa naosha vyombo, alinisogelea akasimama.

"Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, kwa maana nimerithi jina la mama yake, "nataka unipeleke mjini. Nishani zangu ziandikwe."

Nilijua anazungumzia nini. Kila mwaka wazee waliopigana hualikwa mjini Shinyanga kwenye kumbukumbu ya mashujaa. Wenye nishani hukaa mstari wa mbele na baba hukaa nyuma, kifua kitupu. Hati yake ya kuacha jeshi ina sehemu ya nishani, na hapo pamepigwa kistari tu. Mama ndiye aliyekuwa akimsumbua. "Wewe chuma unacho mguuni, wenzako wanacho kifuani," alimwambia mbele yetu. Baba alikuwa akijibu kwamba jeshi lina kazi nyingi. Sasa mama hayupo, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja jambo hilo.

Niliomba ruhusa kazini. Tulikwenda kwenye ofisi inayoshughulikia mambo ya wastaafu wa jeshi. Sajenti aliyetupokea alisimama alipomwona baba anachechemea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Aliisoma ile hati, akaandika jina na namba ya utumishi, akauliza alikuwa kikosi gani, alijeruhiwa wapi, nani alikuwa kamanda wake. Baba alijibu haraka kuliko nilivyozoea kumsikia. Sajenti akasema atauliza makao makuu, tusubiri atupigie.

Alipotupigia tulirudi. Safari hii alitutafutia viti kwanza, na mimi nikajua kuna jambo.

"Mzee, jina lako lina nishani. Ziko mbili, zilitolewa zamani," alisema. "Ila aliyezipokea ameshafariki. Kwenye kumbukumbu zao jina hili ni la marehemu."

Nilimwangalia baba. Nilidhani atakasirika. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Wa Ushirombo amekufa?" aliuliza.

Sajenti hakuelewa, wala mimi. Baba akatueleza. Kikosini mwao walikuwa wawili wenye jina moja, la kwanza na la baba. Mmoja Msukuma wa Samuye, mwingine Msumbwa wa Ushirombo. Wakati ule Ushirombo ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, kwa hiyo hata mkoa waliandikiwa mmoja. Askari wenzao waliwaita Wa Samuye na Wa Ushirombo ili wasichanganye. Likiitwa jina kamili walikuwa wanaitika wote wawili.

Sajenti alitikisa kichwa taratibu. Alisema inaelekea karani aliyepanga orodha ya nishani aliona jina limejirudia, akadhani mtu mmoja ameandikwa mara mbili, akafuta mmoja. Namba za utumishi zilitofautiana, lakini huenda alidhani ni kosa la kalamu.

"Alikufa na nini?" baba aliuliza.

"Hapa hawajaandika, mzee."

Tulipotoka nje nilimnunulia maji. Hakuyanywa. Alisema Wa Ushirombo alikuwa kijana kuliko yeye. Baadaye alisema tena.

Sajenti alitupa maelekezo. Ilitakiwa barua ya maombi, kiapo, shahidi aliyekuwa naye vitani, na ushahidi kutoka kwa familia ya marehemu kwamba mtu wao na baba ni watu wawili tofauti. Shahidi tulimpata bila shida, mzee mmoja wa mjini ambaye baba hukaa naye nyuma kwenye sherehe. Kiapo kilifanyika mahakamani. Nilifanya yote hayo kama ninavyoshughulikia kontena lililokwama. Ilikuwa rahisi kwangu kuliko kukaa nyumbani. Kilichobaki kilikuwa Ushirombo, na baba mguu wake haukuwa tayari kwa safari ile, kwa hiyo nilikwenda peke yangu.

Nilipanda basi Kahama asubuhi. Ushirombo niliulizia parokiani, kwa sababu baba alikumbuka mwenzake alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari hadi kwenye handaki. Akina mama wa jumuiya walimjua mjane wake mara moja. Mmoja alinipakia kwenye pikipiki yake akanifikisha.

Nyumba ilikuwa nje ya mji, ya matofali ya kuchoma, na shamba la muhogo pembeni. Kaburi lilikuwa ndani ya shamba hilo, limesakafiwa kwa saruji, na msalaba. Shamba la jirani halikuwa shamba tena. Lilikuwa na maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na juu yake miti na kamba na vijana waliopakaa udongo mwili mzima. Rundo la mawe lilikaribia kabisa mpaka wa muhogo.

Yule mama alikuwa anamenya muhogo kibarazani.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisalimu.

"Milele na milele, amina." Alinipa kigoda.

Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamweleza kwamba baba yangu alikuwa jeshini na marehemu mumewe, na kwamba wana jina moja. Nilipofika kwenye neno nishani, kisu chake kilisimama.

"Umekuja kuzichukua," alisema.

"Hapana mama."

"Hazipo. Nilimzika nazo. Nilimvalisha mwenyewe, suti ya kijivu, nikazibandika hapa." Aliugusa upande wa kushoto wa kifua chake. Kisha akaangalia kwenye lile kaburi, na kutoka pale kwenye maduara. "Mtamfukua?"

Aliendelea kwa sauti ileile ya chini. Alisema walishakuja watu wakamwambia mwamba wa dhahabu unapita chini ya muhogo wake na chini ya kaburi, wakataka kumhamisha marehemu. Aliwafukuza kwa panga. Wakarudi na mwenyekiti wa kitongoji. Akawafukuza tena. Alikuwa amechoka kufukuza watu.

"Hatumfukui mtu yeyote," nilimwambia. "Nishani za mzee ni zake. Alizipata kwa haki. Na baba alipata za kwake, ila karani alidhani ni mtu mmoja. Ninachoomba ni wewe useme walikuwa wawili. Basi."

"Hizi nilizomzika nazo ni zake?"

"Ni zake."

"Hazikuwa za baba yako."

"Hapana mama. Baba mwenyewe amesema Wa Ushirombo alipigana kuliko yeye."

Baba hakuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema tu kwamba alikuwa kijana kuliko yeye. Lakini nilisema, na yule mama alianza kumenya muhogo tena.

Aliingia ndani akatoka na picha. Marehemu akiwa na magwanda, mwembamba, masikio makubwa, hafanani na baba hata kidogo. Picha nyingine ilikuwa ya kwenye jeneza, suti ya kijivu, nishani mbili kifuani. Niliiangalia picha ile muda mrefu. Wakati wa msiba wa mama mpiga picha alikuja pia, nikamwambia asipige. Sijui kwa nini nilimkataza. Nilizipiga picha zote mbili kwa simu, tukaenda kwa mtendaji, yule mama akaeleza, mtendaji akaandika, akagonga mhuri. Tuliporudi nyumbani kwake yule mama alinifungia muhogo mkavu kwenye mfuko. Nilimshukuru. Ndani ya basi nilishika ule mfuko mapajani mpaka Kahama, na sikuwa na wazo lolote kichwani.

Kisha tukasubiri. Pamba ilichanua, ikavunwa, ikapelekwa kwenye mizani ya chama cha ushirika. Sajenti aliposema bado, baba alisema sawa. Kaburi la mama tulilisakafia. Nilichagua msalaba, nikamweleza fundi maandishi, nikasahihisha tarehe aliyoikosea. Fundi aliniuliza ni nani yangu. Nilimwambia mama, akaomba radhi, akashusha sauti ya redio.

Simu ya sajenti ilikuja nikiwa kazini, dereva amesimama mbele yangu. Alisema kumbukumbu zimesahihishwa na nishani zimefika, mzee aje. Nilimaliza na yule dereva ndipo nikampigia baba.

"Zimekuja," nilimwambia.

"Haya," alisema. Kisha akauliza kama Jumapili nitakuja na sukari.

Hakukuwa na sherehe. Tulipewa mchana wa siku ya kazi, ofisini, na mlango wazi. Sajenti alimwonyesha baba karatasi mpya, mahali palipokuwa na kistari pameandikwa nishani zote mbili. Baba alisogeza karatasi mbali na macho, kisha karibu. Aliomba nimsomee, nikasoma. Sajenti akataka kumvalisha.

"Nipe tu mkononi," baba alisema.

Sajenti alimpa, akarudi nyuma, akanyooka na kumpigia saluti. Baba aliegemeza fimbo ukutani, akasimama kwa miguu yote miwili, mbovu na mzima, naye akapiga. Sikuwahi kumwona akipiga saluti maisha yangu yote. Nilitegemea nitajisikia kitu. Nilichoona ni kwamba shati lake la mikono mirefu halikuwa na kifungo cha mkono wa kulia, na mkono wa shati ulikuwa unaning'inia. Mama asingemwacha atoke hivyo. Nilisema moyoni kwamba nitakishona Jumapili.

Nje nilimuuliza kama tupite kupiga picha.

"Unipeleke Ushirombo," alisema.

Tulikwenda msimu wa kiangazi, kwa gari la rafiki yangu wa kazini, ili baba aweze kunyoosha mguu. Baba alivaa koti na nishani zake mbili. Yule mama alikuwa amejiandaa, amevaa kitenge cha jumuiya, na ameweka viti kibarazani. Upande wa maduara mashine ya kusaga mawe ilikuwa inaunguruma. Rundo la mawe halikuwa limevuka mpaka.

Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana hali za watoto na mvua. Kisha yule mama akamkazia macho.

"Wewe ndiye uliyefungua barua yangu?"

Baba alishtuka. Kwangu lilikuwa jambo geni.

"Nilimwandikia mume wangu vitani, hakunijibu. Aliporudi akasema barua ilikwenda kwa mwenzake wa jina moja, akaisoma yote."

"Sikusoma yote," baba alisema.

"Ulisoma kiasi gani?"

"Nilifika kwenye ng'ombe wa mahari. Nikaona huyu ng'ombe simjui, nikaifunga, nikampelekea."

Yule mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Baba naye alicheka, kwa aibu, akiangalia chini.

Walikwenda pamoja kwenye kaburi. Baba alisimama pale, kofia mkononi, kisha akainama akang'oa majani yaliyoota kwenye ufa wa saruji. Waliporudi kibarazani yule mama alimwambia, "Sasa nieleze. Yeye hakuwahi kunieleza." Na baba akaeleza. Alieleza matope, na malori yaliyokwama, na namna walivyovuka mto, na usiku aliojeruhiwa. Alisema Wa Ushirombo alikuwa mmoja wa watu wanne waliombeba kwenye blanketi, na kwamba njia nzima alikuwa akisali kwa Kisumbwa, na yeye alikuwa akimwomba anyamaze.

Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza. Mama alikaa na mtu huyu miaka yote, akampaka mafuta mguu ule kila baridi ilipoanza, na hayo hakuyasikia. Nilisubiri nilie. Machozi hayakuja. Nilichukua vikombe vya chai nikaenda kuviosha.

Siku hizi baba na yule mama hupigiana simu. Yeye humweleza habari za muhogo na za wachimbaji, baba humweleza habari za ng'ombe. Mwaka huu kwenye kumbukumbu ya mashujaa baba alimwalika yule mama, akaja na picha ya mumewe kwenye mkoba. Mimi sikuweza kufika. Kulikuwa na treni ya mizigo siku hiyo, na malori yalikuwa yamepanga foleni tangu alfajiri.