Isale la Mama

Asubuhi ya kubatizwa kwangu niliamka mkono wa kushoto ukiwa mwepesi, na wepesi ule ulinitisha. Jana yake mwalimu wa dini alikuwa ameikata bangili ya ngozi ya mbuzi niliyofungwa na mama nikiwa mchanga. "Huwezi kuzaliwa mara ya pili na kamba ya zamani mkononi," alisema. Rahisi kwake! Si yeye aliyewazika kaka zangu wawili. Mama ndiye aliyewazika, na nilipozaliwa mimi mbuzi akachinjwa, na ngozi ile ndiyo tuliyoamini inanishikilia duniani.

Mama aliuona mkono mtupu. Aliingia migombani, akakaa huko. Afadhali angenipiga.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, na kanisa letu huko juu ya Nkoaranga lilikuwa la mabanzi tu, upepo wa mlimani unaingia utakavyo. Tulisimama mbele tumevaa marikani nyeupe, wenzangu wakitetemeka kwa baridi, mimi kwa woga. Tulifundishwa kwamba mtu wa kale hufa majini, akainuka mpya. Kufa nilikuamini kabisa. Kuinuka ndiko nilikokuwa na wasiwasi nako. Hata hivyo nilimtaka Yesu, na nilitaka kuishi, na sikujua kama nitapewa vyote viwili.

Zamu yangu ilipokaribia, mama akaingia. Hakuwahi kukanyaga kanisani. Mkononi alishika jani la isale. Kwetu anayekuja na isale amekuja kuomba radhi au kuomba amani, na hakataliwi, hata na aliyeuliwa ndugu. Akininyooshea, itanibidi nirudi naye nyumbani. Kwisha habari yangu, nikawaza.

Akanipita.

Alikwenda hadi kwenye beseni la maji, akamnyooshea mchungaji lile jani. Akasema, "Mpe Mungu wako. Mwambie sijui nilimkosea nini. Huyu ndiye aliyebaki."

Mchungaji naye alikuwa mtoto wa mlima huu huu. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Amelipokea, mama."

Mama akanishika mkono, pale pale ilipokuwa bangili, akabana mpaka nikaumia.

"Haya," alisema. "Mmwagie. Mimi simwachii."